Kilo Tano Nilizozishangilia

Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri. Ukungu umeshuka tangu saa saba na mashamba ya ng'ambo siyaoni tena. Lori la kiwanda limeshabeba majani chai na kuondoka. Nimebaki kituoni peke yangu na mizani, nimekalia kreti iliyopinduliwa, nimevaa sweta mbili na bado meno yanagongana.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nalo moja tu, na kila nikishika simu naandika habari za mvua, halafu nafuta.

Leo sifuti.

Baba yangu ana ugonjwa wa moyo, na mwezi uliopita nilikaribia kumuua. Nilikuwa nikimpima uzito kila asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaona anaharibika, nikapiga makofi.

Wacha nianze na kazi yangu, maana bila kazi hii kosa langu lingekuwa la kawaida na labda ningelala vizuri. Mimi ni karani wa kituo cha majani chai, huku upande wa Kaplong. Wakulima wanaleta majani, nayapima, nakata kilo moja ya gunia, naandika. Siku ya mvua majani huja yamelowa, na maji yana uzito wake. Kwa hiyo nachukua konzi moja, naikamua, naangalia kinachotoka katikati ya vidole. Nikiona yanatiririka nakata kilo mbili, wakati mwingine tatu. Kiwanda hakinunui mvua.

Watu hawanipendi kwa hilo. Mama Wanjiru ndiye anayeongoza. Watu wake walihamia hapa kutoka upande wa Nyeri kabla sijazaliwa, ana duka mkabala na kituo na ekari moja ya chai nyuma ya duka, na kila msimu wa mvua lazima tugombane.

"Karani, haki ya Mungu, unakata maji gani na hii majani imekauka hivi?"

Huwa namwambia ashike mwenyewe. Anashika, mkono unalowa, anaupangusa kwenye leso yake huku amenuna. Kesho yake ananiuzia sukari na kunisalimu vizuri tu. Kituo kizima kinajua kwamba Chebet hadanganywi na maji.

Nitarudi hapo.

Baba ana miaka sabini na moja. Miaka miwili iliyopita alishikwa na maumivu ya kifua akiwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni. Akatoka jasho mpaka shati likashikana na ngozi. Alisema ni vidonda vya tumbo. Kwetu, kila kinachochoma kati ya kitovu na koo ni vidonda vya tumbo. Alikunywa maziwa, akatafuna vile vidonge vyeupe vya duka la Mama Wanjiru, akalala siku mbili, akarudi kuchuna. Hakuna aliyempeleka popote. Mimi mwenyewe nilimwambia kwamba anaanza kuzeeka.

Mwaka huu pumzi ilipoanza kumwishia akipanda kilima kidogo cha kwenda kanisani, ndipo tulipomfikisha kwa daktari wa moyo. Daktari aliangalia picha, akatuambia ile siku ya shambani haikuwa tumbo. Mishipa inayoulisha moyo damu ilikuwa imeziba, na sehemu ya moyo ikafa siku hiyo. Sehemu iliyobaki imekuwa ikifanya kazi ya zote mbili mpaka imechoka. Alisema moyo haujasimama, ila unasukuma kwa shida, na hautarudi ulivyokuwa. Dawa zitausaidia.

Mama aliuliza dawa ni za mpaka lini. Daktari akasema ni za maisha.

"Sawa, daktari," Mama akasema, na akaanza kufunga vizuri kitambaa cha kichwa ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri tayari.

Baba alilazwa siku nane. Siku ya kuruhusiwa mimi nilikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, na Mama alikuwa nyumbani na ng'ombe. Sista aliketi na Baba kitandani akamweleza namna ya kuishi na huo moyo. Nilipofika alikuwa ameshavaa koti na kofia. Nikamuuliza wamesema nini.

"Wamesema nipimwe kilo kila asubuhi. Kabla ya chai."

"Basi, hiyo tu?"

"Na chumvi nipunguze."

Kulikuwa na karatasi. Nilimwona akiikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakisoma, ripoti za kituo naziandika mimi. Sikusema, Baba, hebu nione hiyo karatasi. Nilikuwa nawaza pikipiki ya kuturudisha na mawingu yaliyokuwa yanakusanyika.

Dakika moja. Ingenichukua dakika moja kuisoma.

Basi tukaanza kupima. Mizani ya kukanyaga nyumbani hatukuwa nayo, lakini kituoni tulikuwa na ile ya zamani ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa duara, ambayo iliachwa tulipoletewa ya umeme. Baba alichukua ubao, akautoboa, akaufunga kamba nne zinazokutana juu kwenye pete ya chuma. Asubuhi ya kwanza aliukalia kama mtoto kwenye bembea, akanyanyua miguu, akashika kamba kwa mikono miwili. Mshale uko juu ya kichwa chake, mahali ambapo yeye hawezi kuuona, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma. Nikakata kilo mbili za ubao na kamba. Akabaki na hamsini na nane.

Wachunaji waliokuwa wakipita kwenda mashambani walisimama kutazama. Mmoja akamwuliza kama na yeye anapelekwa kiwandani. Baba akajibu kwamba kiwanda hakiwezi kumchukua, yeye ni jani la zamani. Walicheka wote, na mimi nikacheka.

Hapo lazima niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nilirudi nyumbani miaka minne iliyopita kutoka Fort Ternan, ndoa yangu iliposhindikana, na begi moja. Mnaojua watu wetu mnajua binti aliyerudi anatazamwaje. Nilimkuta Baba getini. Hakuniuliza kitu. Kesho yake asubuhi alinipeleka shambani, akanionyesha mistari minane ya chai upande wa mto, akasema hiyo iwe yangu ya kuchuna. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu ndoa yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kazi na kununa, na nimeizoea hali hiyo.

Kwa hiyo niaminini ninaposema kwamba zile asubuhi za bembea zilikuwa zangu. Niliamka nikizingoja.

Siku ya pili, hamsini na tisa. Siku ya nne, sitini. Nilimpigia Mama kelele kutoka kituoni mpaka nyumbani, kwamba sitini! Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akarusha mikono juu. Mtu aliyetoka hospitali akiwa amekonda, kilo zinapanda, wewe ungefikiri nini? Kwetu mgonjwa aliyepona anajulikana kwa mwili. Wageni waliokuja kumwombea walimshika mashavu na kusema, "Amerudi! Angalia huyu, amerudi!" Kila kundi la wageni lilipikiwa chai ya maziwa, na yeye akanywa na kila kundi, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kukaa mikono mitupu wageni wakinywa. Mama akamfungulia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa na kutiwa mkaa, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Akachinja jogoo. Mchuzi akautia chumvi kidogo tu, hivyo ndivyo alivyosema, lakini chumvi kidogo ya Mama naijua.

Siku ya saba, sitini na moja. Baba akiwa ananing'inia pale, miguu hewani, akanitazama akasema, "Karani, leo hukati maji?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Siku ya tisa mshale ulisimama kwenye sitini na tano, nikakata za ubao, sitini na tatu. Kilo tano kwa siku tisa. Nilipiga makofi. Nilipiga picha ya mizani nikaituma kwenye grupu la familia, nikaandika: Baba ameongeza kilo tano, Mungu ni mwema. Ndugu yangu Kibet akajibu kutoka Nakuru kwa mikono ya kuomba, shangazi akajibu kwa wimbo wa sauti, watu ishirini wakasema amina. Ujumbe huo bado uko pale. Siwezi kuufuta kwa sababu kila mtu ataona nimefuta.

Nilikuwa na macho siku hizo zote. Hilo ndilo linanitafuna. Niliona viatu vyake havimwingii, akawa anakuja kituoni na malapa na soksi, nikadhani amechoka na viatu vigumu. Niliona alama ya soksi imezama kwenye mguu kama kamba imefungwa pale. Nilisikia kutoka chumba cha pili kwamba amehamia kwenye kiti, analala ameketi, na asubuhi akasema kitanda kinamuumiza mgongo. Nilisikia kikohozi. Kutoka nyumbani mpaka kituoni ni hatua mia mbili hivi, na siku ya kwanza alizitembea bila kusimama. Siku ya nane alisimama mara mbili akishika ua, na mimi, karani hodari, nikamwambia, "Pole pole Baba, umenenepa sasa, mwili ni mzito."

Nilimwambia hivyo. Nakumbuka mpaka sauti niliyotumia.

Siku ya kumi hakufika. Nilitazama barabara, nikamwona ameketi chini kando ya ua, kofia mkononi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa anavuta hewa na haiingii. Mama Wanjiru aliacha duka wazi, akasimamisha gari la maziwa lililokuwa linapita, akamwambia dereva mitungi itangoja na mzee hawezi kungoja. Huyu ninayemkatia maji kila mvua ndiye aliyemshika Baba kichwa njia nzima, akimwambia, "Baba Chebet, pumua, pumua na mimi."

Hospitalini walimwekea hewa na sindano. Baadaye daktari kijana alikuja, akakunja suruali ya Baba, akabonyeza mguu juu ya kifundo kwa kidole gumba na kuhesabu kimya. Alipoinua kidole, shimo lilibaki. Lilibaki pale tu, likitutazama. Nilisubiri lijae, halikujaa.

"Haya yote ni maji," akasema. "Moyo ukishindwa kusukuma, maji yanarudi. Yanaanza miguuni, halafu tumboni, halafu mapafuni. Alikuwa anapimwa uzito?"

Nikasema ndiyo.

"Nani alikuwa anampima?"

Nikasema ni mimi. Akauliza kazi yangu ni nini, nafikiri alitaka tu kujua kama najua kusoma. Nikamwambia napima majani chai. Hakujua amenipiga wapi. Nilitoka nje nikasimama penye bomba la kunawia mikono, nikaangalia vidole vyangu. Hivi vinavyokamua majani ya watu. Miaka minne nawaambia wakulima wazima, watu wa umri wa Baba, kwamba hizi kilo si zako, haya ni maji. Mtu mmoja tu sikumkamua.

Halafu waliomba ile karatasi ya kwanza. Nikaitoa kwenye mfuko wa koti lake, bado imekunjwa mara nne. Ilikuwa pale kwa mwandiko safi wa sista, mistari miwili imepigiwa chini. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, au miguu ikivimba, rudi hospitali mara moja. Na maji, chai, maziwa na supu, vyote kwa pamoja, visizidi lita moja na nusu kwa siku.

Alilazwa siku kumi na moja. Maji yalitolewa kwa dawa, kilo baada ya kilo, na pamoja na maji ikaonekana kulikuwa na jambo ambalo uvimbe ulikuwa umelificha. Baba amekwisha. Mabega yake yamebaki mifupa. Daktari mkubwa alituketisha mimi na Mama, akasema moyo umepata pigo jingine katika kuhangaika huko, na sasa umebaki na nguvu pungufu kuliko zile za kwanza. Nilimuuliza kama angeletwa siku ya nne. Alifikiri kwanza, nikampenda kwa hilo. Akasema ingekuwa afadhali.

Ingekuwa afadhali. Hayo maneno mawili nayabeba kila mahali.

Nyumbani sasa kuna utaratibu. Mama anajaza chupa ya lita moja na nusu asubuhi, na kila Baba anapokunywa chochote, iwe chai au uji, anamwaga kiasi kama hicho kutoka kwenye chupa, chupa ikiisha siku imeisha. Kibuyu kimeinamishwa juu ya kabati. Mboga za Baba hazina chumvi, na Mama ameanza kula zisizo na chumvi pia. Hakutangaza. Niligundua nilipoonja sahani yake. Wageni wakija, mimi ndiye ninayesimama mlangoni kuwaambia Baba hatakunywa nao. Wazee wawili wamekasirika. Wacha wakasirike, nimezoea watu kunikasirikia kwa sababu ya maji, na safari hii angalau nina haki.

Hakuna aliyenilaumu. Kibet peke yake, kwenye simu, aliuliza, "Lakini si ulikuwa unampima?" Aliuliza tu, hakuwa na ubaya. Kisha akatuma kutoka Nakuru mizani ya kukanyaga, mpya, ya kioo, namba zinawaka. Tuliiweka chumbani kwa Baba. Baba aliipanda mara moja, akasema haipendi. Anataka ile ya kituoni. Tumembembeleza wiki nzima. Hatembei tena hatua mia mbili, lakini kila asubuhi lazima aletwe kwa pikipiki, dereva mbele, mimi nyuma nimemshikilia, tunaenda mwendo wa mtu anayebeba mayai. Mama anasema ni ukaidi wa uzee. Mimi pia nilidhani hivyo.

Leo asubuhi nilimketisha kwenye ubao. Ukungu ulikuwa bado haujashuka, jua lilikuwa linaingia upande wa duka. Alinyanyua miguu. Mshale ukatetemeka, ukatulia kwenye hamsini na sita. Nikakata mbili.

Hamsini na nne. Hii ndiyo kilo ya baba yangu, maji yakishakatwa.

Nilishindwa kuisema. Nilikuwa na kalamu mkononi na daftari wazi, na nikaanza kulia, mimi niliyejiapia kutolia mbele yake. Nikamwambia yote. Kwamba kilo zilikuwa maji. Kwamba ni kazi yangu kuyaona maji. Kwamba karatasi ilikuwa mfukoni na sikuiomba, kwamba nilituma picha kwa watu, kwamba nilipiga makofi. Nikamwambia, "Baba, ni mimi niliyekufanyia hivi."

Alishusha miguu chini polepole. Hakutoka kwenye ubao. Pumzi yake sasa ni fupi, kwa hiyo anasema maneno machache, anapumzika, anaendelea.

"Sista aliniambia," akasema. "Kilo ikipanda, nirudi. Nilisikia yeye vizuri."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamuuliza, sasa kwa nini hakuniambia?

"Wewe ulikuwa unacheka, Chebet." Akapumzika. "Tangu utoke Fort Ternan, sijasikia wewe ukicheka. Nikasema wacha acheke kidogo. Nitamwambia kesho." Akapumzika tena. "Kesho yake ukacheka zaidi."

Nilikasirika. Naandika ukweli, nilikasirika sana. Nilitaka kumwuliza ni nani aliyemwomba anunue kicheko changu kwa bei hiyo. Ningenuna miaka kumi mingine bila shida, mimi ni hodari wa kununa. Nilitaka kumpigia kelele mzee wa miaka sabini na moja aliyeketi kwenye bembea. Badala yake nilipiga magoti kwenye saruji yenye vumbi la majani, nikashika miguu yake, ile miguu iliyorudi kuwa myembamba, na nikaibonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ilirudi. Nikabonyeza tena mahali pengine, ikarudi.

Mama Wanjiru alitoka dukani akatuona hivyo. Akarudi ndani bila kuuliza.

Nimekaa nalo siku nzima. Nimepima majani ya watu arobaini na sikumkatia mtu maji, ingawa mvua ilinyesha jana na nusu yao wanajua walileta mvua. Wamenitazama kwa wasiwasi. Kesho nitarudi kazini vizuri.

Lakini nimeelewa kuhusu ile mizani ya kioo. Ukiipanda, namba inawaka chini kati ya miguu, na sote wawili tunainamisha vichwa kuitazama. Kwenye hii ya kituoni, mshale uko juu yake na hawezi kuuona. Hajawahi kuuona hata siku moja. Asubuhi zote zile, nikiwa nimeinua macho kusoma namba, yeye alikuwa anasoma uso wangu. Hata ile siku ya maji, aliponiuliza mbona sikati, alikuwa ananitazama usoni. Labda alikuwa anajaribu kuniambia. Labda alitaka nielewe mwenyewe ili asiwe yeye wa kunizima. Nami nikacheka mpaka nikashika nguzo.

Daktari anasema sasa tuombe uzito usimame hapo hapo. Ukipanda ni maji. Ukishuka ni yeye.

Giza la ukungu limefika mpaka mlangoni na vidole vimekufa ganzi, wacha nifunge. Ubao bado unaning'inia hapa mbele yangu, sijauondoa kwenye ndoano. Kesho asubuhi nitamketisha, atashika kamba kwa mikono miwili, atanyanyua miguu. Mshale utatetemeka, utatulia. Hatautazama.

Nitampa uso gani?